Sanduku Lisilo na Msumari

Cimpunda, Jumapili 12 Mei 2024

Kwako Carine, binti yangu, mama wa Merveille,

Kama karatasi hii imekufikia na madoa ya nanasi, umlaumu Adèle, muuza nanasi anayetubebea habari kwa boti. Amenionya mapema kwamba kikapu chake cha kurudi nacho Idjwi hakina nafasi ya barua. Nimekupigia simu tangu Pasaka. Inaita, inaita, mpaka inachoka yenyewe. Nikasema basi, mkono wangu bado unaweza kushika biki, niandike.

Huku tungali tunapumua. Mama mkwe wako Agnès anasumbuliwa na magoti akipandisha maji kutoka bombani, lakini mdomo wake haujapata ugonjwa wowote. Mvua ya mwezi wa nne iliangusha ukuta wa jirani wa chini. Hakuna aliyeumia, isipokuwa bata mmoja, naye aliliwa siku hiyohiyo. Hugues, mtoto wa dada yangu, anakusalimu. Bado anafanya kazi bandarini, na mke wake amejifungua mtoto wa tatu, wa kike.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Adèle ameniambia kwamba Merveille akifaulu mtihani wa la sita ataingia internat, bweni la shule ya masista, upande wa Walungu, mwezi wa tisa. Nilikuwa nimekaa, nikasimama. Mtoto wa mwanangu Chrispin internat! Mara ya mwisho nilimwona ana miaka saba, hana meno mawili ya mbele. Najua kila mtoto wa internat lazima aende na malle, sanduku la nguo, na kufuli lake. Hizo malle za bati wanazouza soko la Kadutu nazifahamu. Zinashika kutu kabla ya Noeli, na pembe zake zinachana mashuka. Nakuomba usinunue. Nataka kumtengenezea mjukuu wangu sanduku la mbao, la libuyu, ile mbao nyekundu inayotoka misitu ya Shabunda, ambayo wadudu hawaiwezi.

Unajua maisha yangu yote nilikuwa fundi wa majeneza, na kwamba tangu tulipomzika Chrispin sijatengeneza lingine. Randa yangu imelala miaka mitano chini ya kitanda. Jana niliitoa, nikainoa.

Nahitaji vipimo tu. Kimo cha kitanda cha internat kutoka sakafuni, maana sanduku lazima liingie chini yake. Urefu wa mkono wa Merveille, ili afikie nguo za chini bila kutumbukia. Na kimo chake yeye mwenyewe. Usinikadirie, Carine. Usiniambie "ananifikia begani". Pima.

Baba mkwe wako,
Bisimwa


Idjwi, Alhamisi 30 Mei 2024

Papa Bisimwa,

Pokea salamu zangu, wewe na maman Agnès. Nimesikitika kwa magoti yake. Asibebe ndoo mbili kwa mara moja, namjua. Hapa kisiwani maharage yameshika vizuri. Darasa langu mwaka huu lina watoto sitini na wanne kwa madawati ishirini, kwa hiyo usishangae nikiandika kwa kifupi. Jioni mkono wangu umeshachoka na chaki.

Simu nimeiona ikiita. Sikuishika kwa makusudi, ni vizuri ujue. Kwenye simu, kila nikifika kwenye neno zito, wewe unasema mtandao mbaya. Barua haina mtandao.

Asante kwa wazo lako, lakini hapana. Malle ya bati nimeshaagiza. Nikuambie sababu, maana si malle. Mwaka jana mafundi walikuja kutengeneza paa la shule yetu. Nyundo ya kwanza ilipolia, Merveille alitoka darasani mbio, na tulimkuta nyuma ya choo ameziba masikio. Alikuwa na miaka saba, ametangulia kwenu, alipokuona uwanjani kwako ukipiga misumari kwenye jeneza la baba yake. Mimi nilifika na boti ya saa sita, nikakuta umeshapiga yote. Nilikuomba ufungue nimwone mume wangu. Wote waliokuwepo walinisikia nikikuomba. Ulisema, "Mwili iliharibika, twende tuzike." Kisha ukanigeuzia mgongo.

Nimebeba swali moja tangu siku hiyo. Kwa nini hukufungua? Hata kama aliharibika, alikuwa wangu.

Tarehe 31 Agosti tutapita Bukavu kwenda Walungu. Tutashuka bandarini na kupanda basi ndogo, hatutafika Cimpunda. Siku utakaponijibu, Merveille ataingia nyumbani kwako na kupokea chochote kutoka mkononi mwako. Kabla ya hapo, hapana.

Mama Merveille


Cimpunda, Jumapili 9 Juni 2024

Carine binti yangu,

Barua yako imefika Jumatano. Adèle alinitazama nikiisoma, akaniuliza kama kuna msiba kisiwani. Nikamwambia hapana, ni habari za shule.

Sikujua kuhusu nyundo. Nimesoma sehemu hiyo mara nyingi na imeniumiza sana. Basi sanduku hili halitakuwa na msumari hata mmoja. Mbao zitaumana zenyewe kwenye pembe, meno ndani ya meno, na gundi katikati. Bawaba nitazikaza kwa visi za kuzungusha kwa mkono, polepole, bila kelele. Kazi ya namna hiyo nilifundishwa kijana na sijaifanya zaidi ya mara nne, kwa kuwa maiti hawana subira ya kungoja gundi ikauke. Kwa mtoto nitangoja.

Mbao nimeshapata, Hugues alinisaidia kuzipandisha. Na hapo ndipo palipotokea vituko, ambavyo nakusimulia ili ucheke kidogo.

Agnès alikuwa na malaria. Siku tatu hakuonekana bombani. Siku ya nne asubuhi mimi nikatoa libuyu uwanjani nikaanza kupiga randa, kalamu ya risasi mdomoni kama kawaida yangu. Maman Yolande, jirani wa juu, akapita. Akaona mbao nyekundu, akaona mlango wa chumba umefungwa, akasimama.

"Papa Bisimwa, pole sana. Alituacha saa ngapi?"

Mimi nilidhani anauliza kuhusu Hugues, aliyekuwa ametoka kuleta mbao. Kalamu iko mdomoni, nikamwonyesha vidole vitatu na kutikisa kichwa. Huyo akaenda! Kabla sijamaliza ubao wa pili, uwanja umejaa. Wamama wameketi kwenye mikeka, mtu ameleta gunia la makaa, mwingine sufuria ya maharage, wa kwaya wameshaanza wimbo. Nami nimesimama katikati na randa yangu, kila nikijaribu kusema, mtu ananishika bega na kuniambia nisijikaze, nilie tu.

Mlango ukafunguka. Agnès akatoka na kitenge kifuani, nywele hazijasukwa, akawaangalia wote.

"Munalia nani?"

Maman Yolande alipiga yowe lililosikika mpaka Kadutu. Wawili walikimbia na hawajarudi kuchukua viatu vyao. Agnès alipoelewa, alikaa kwenye mkeka wa kilio chake mwenyewe akasema, "Basi maharagi mumeleta, muipike. Niko na njaa." Wakapika, tukala wote. Kwa siku mbili hakusema nami, ila kuniuliza kama nimeshamchukua kipimo.

Kuhusu swali lako, mambo ya siku ile yalikuwa mengi, na kichwa cha mtu aliyefiwa hakikai sawa. Tutaongea siku moja. Wewe nitumie vipimo, gundi haipendi mvua na kiangazi ndicho hiki.

Bisimwa


Idjwi, Jumapili 7 Julai 2024

Papa Bisimwa,

Nimechelewa kwa sababu ya mitihani. Merveille ameshafanya wake, tunangoja matokeo. Anasema hesabu ilikuwa rahisi, jambo ambalo linaniogopesha. Mama yangu mzazi anawasalimu. Mwambie maman Agnès kwamba nimefurahi kwamba hakufa.

Nilimsomea Merveille habari ya kilio. Alicheka mpaka akashika tumbo, kisha akauliza juu yako, babu yake, "Koko iko namna gani? Iko murefu?" Nikagundua kwamba hakumbuki sura yako. Anakumbuka mgongo wako tu, umeinama. Nimefikiria jambo hilo juma zima. Sikutaka mtoto abaki na mgongo wa babu yake, ingawa ni mimi niliyemweka mbali.

Ndiyo maana nakutumia vipimo, si kwa sababu nyingine. Nimempigia simu sista anayesimamia internat: kutoka sakafuni mpaka chini ya kitanda ni sentimita thelathini na sita. Sanduku likizidi hapo, analiacha kwenye korido. Mkono wa Merveille, sentimita hamsini na nane. Kimo chake, mita moja na arobaini na saba. Nimempima kwa rula ya ubaoni, mara mbili, bila viatu, na mara ya pili alijinyoosha nikamkemea.

Lakini Papa, mimi ni mwalimu. Nimezoea wanafunzi wanaoandika kurasa tatu bila kugusa swali lililoulizwa. Huwa nawapa sifuri. Nimekuandikia swali moja tu. Tengeneza sanduku ukipenda. Kulipokea ni jambo lingine.

Mama Merveille


Cimpunda, Jumapili 21 Julai 2024

Carine,

Huku ni salama. Vumbi limezidi, Agnès anakohoa kidogo, si kitu. Vipimo vimefika, Mungu akubariki.

Sanduku limesimama. Kimo ni thelathini na tatu, nimeacha nafasi ya mkono kupita. Nimekata kwa vipimo vyako na nimevirudia kabla ya kila ubao, mpaka Hugues akaniuliza kama nimeanza kusahau. Pembe zimefungana, ukipitisha ukucha hausikii kitu. Nimebakiza kifuniko na kupaka mafuta.

Umetaka nijibu, najibu. Mawe ya machimboni yalimharibu usoni. Baba hawezi kumwonyesha mke wa mwanawe kitu kama kile. Nilikuhurumia, basi. Tuache marehemu apumzike.

Bisimwa


Idjwi, Jumamosi 3 Agosti 2024

Papa Bisimwa,

Kisiwani amerudi mwanaume mmoja, Bulonza, aliyekuwa akichimba na Chrispin kule Mwenga. Nilimfuata nyumbani kwake. Aliniambia ni yeye aliyemtoa shimoni, na kwamba alikufa kwa kukosa hewa. Ni yeye aliyemwosha uso kwa maji ya kibuyu chake kabla Hugues hajamchukua. Uso ulikuwa mzima. Nilimwuliza mara tatu, mpaka mke wake akaniomba nimwache.

Sanduku sihitaji. Tarehe 31 tutapita.

Carine


Cimpunda, Alhamisi 8 Agosti 2024

Carine,

Agnès anakusalimu. Ndiye aliyeniketisha hapa niandike. Jana nilimwambia yeye, kwa mara ya kwanza, haya nitakayokuambia. Aliweka karatasi na biki mezani akaenda zake kanisani.

Bulonza hakudanganya. Mimi nilikudanganya siku ile, na mwezi uliopita nimekudanganya tena kwa maandishi.

Habari ya shimo ilifika Jumanne. Hugues alikwenda Mwenga kumchukua, na kwa lile tope njia iliwachukua siku tatu. Nilijua akifika tu lazima tuzike, kwa hiyo nikaanza jeneza kabla hajafika. Hugues akanipigia simu akiwa njiani.

"Tonton, nikupatie kipimo? Nimemupima na kamba."

Unajua nilimjibu nini? "Ile ni mutoto wangu mie. Utanifundisha mutoto wangu?" Nikakata simu.

Miaka thelathini na minne sikuwahi kukata mbao bila kipimo kutoka kwa familia. Watu wangelia, wangegaragara, mimi ningengoja mpaka mmoja wao aende akapime. Siku ile niliona vibaya kupimiwa mwanangu na mtu mwingine. Kwenye mwimo wa mlango wa chumba nilikuwa na alama nilizomchorea kila Noeli. Ya mwisho ilikuwa ya miaka kumi na saba, kabla hajaenda machimboni. Nikachukua hiyo. Nikaongeza vidole viwili, kama ninavyoongeza kila siku, nikakata libuyu bora kuliko zote nilizowahi kushika.

Chrispin alikuwa amerefuka, Carine. Aliponiacha alikuwa hajamaliza kukua. Kila aliporudi alikuja akaketi mezani, akala, akachekesha mama yake, akaondoka. Hata siku ya harusi yenu nilimwona amesimama, nikaona suti tu. Asubuhi ile tulipomlaza ndani, mimi na Hugues peke yetu kwenye karakana, hakuingia. Alizidi vidole vinne. Mbao nyingine sikuwa nayo, padri anangoja, watu wamejaa mpaka njiani. Tukamkunja magoti. Hugues alikuwa analia, nikamwambia anyamaze. Magoti yaliinua kifuniko, na ndiyo maana tulipolitoa uwanjani nilipiga misumari mingi vile, kwa nguvu vile, na Merveille amesimama pale anatazama.

Kisha ukafika. Ningefungua, ungeona mume wako amekunjwa kama mtu asiye na mwenyewe. Na Cimpunda nzima ingeona kwamba Bisimwa, fundi wa majeneza, hajui kimo cha mtoto wake. Niliona aibu. Sababu ni hiyo, sina nyingine. Uso wake ulikuwa umetulia, na tope kidogo sikioni ambalo Bulonza hakuliona. Nililitoa kwa kidole. Ulikuwa na haki ya kumwona, na mimi nilikunyima kwa kuficha kosa langu.

Hugues usimlaumu, nilimwapisha asiseme. Watu wanasema niliacha kazi kwa huzuni, na mimi nimewaacha waseme. Niliacha kwa sababu kila niliposhika futi ya kupimia, niliirudisha mfukoni bila kuikunjua.

Sanduku limekwisha. Usipolitaka, nitaelewa. Nisamehe, binti yangu. Neno hilo nimeliandika na kulifuta mara mbili, sasa naliacha hapo.

Bisimwa


Idjwi, Jumapili 25 Agosti 2024

Papa,

Merveille amefaulu, asilimia sabini na nne. Msalimu maman Agnès na umwambie hilo kwanza kabla ya mengine yote.

Barua yako niliipokea tarehe kumi. Nimeikalia majuma mawili. Adèle alipita Jumamosi mbili akiniuliza kama kuna majibu, nikamwambia hakuna.

Nilikasirika, Papa, sitakuficha. Kuna siku nilikuchukia kabisa. Ungefungua, ningeona magoti yake yamekunjwa, ni kweli. Ningeyashika. Ningejaribu kuyanyoosha, na yasiponyooka ningeyakunja tena kwa mikono yangu, taratibu. Mimi ndiye niliyepaswa kumgusa mwisho. Badala yake miaka mitano nimelala na uso uliopondwa na mawe, nikifumba macho ndio huo, kumbe mtu wangu alikuwa amelala tu na tope sikioni. Nimelilia hilo tope kuliko nilivyolia siku ya mazishi.

Kisha siku moja nilikuwa nasahihisha madaftari, nikajiuliza: wewe Carine, mume wako alikuwa na kimo gani? Niliweka biki chini. Nilijaribu kumsimamisha kando yangu, kanisani, shambani, kwenye boti. Sikujua. Tuliishi miaka minane, na ungeniuliza mimi siku ile ningekupa kipimo cha uongo vilevile.

Jumapili iliyopita tulikuwa tunamenya maharage, mimi na Merveille. Nikamwambia yote. Sikupunguza kitu, maana anakwenda mbali na sikutaka aende na nusu. Vidole vyake viliendelea na maharage. Kisha akauliza, "Miguu ya papa iliuma, venye mulimukunja?"

Nikamwambia, "Hapana. Mutu mwenye alikufa hasikiake maumivu tena."

Akafikiri. Akasema, "Basi njo koko alibakia na ile maumivu."

Nilitoka nje. Aliponifuata aliniuliza kama wewe unajua kusoma mwandiko wa mtoto, maana anataka kukuandikia akiwa internat. Nikamwambia utajitahidi.

Malle ya bati nimempa mtoto wa jirani. Tunafika Jumamosi tarehe 31 kwa boti ya asubuhi, na tutalala kwenu mpaka Jumatatu. Merveille anasema sanduku atalibeba mwenyewe upande mmoja, wewe ubebe mwingine mpaka kwenye basi. Mwambie maman Agnès asipike kwa ajili ya kijiji kizima, tuko wawili.

Jumapili baada ya misa utatupeleka kaburini. Huko utamwomba Chrispin msamaha wewe mwenyewe, na sisi tutasimama karibu nawe. Wangu nimeshakupa.

Binti yako,
Carine